Kabati la Mzee Pantaleon

Kijijini kwetu Santa Ifijenia, kusini mwa mji wa Dangriga, pwani ya Belize, unaweza kumuuliza mvuvi mambo ya aibu na akakujibu huku anacheka. Muulize kwa nini mama mkwe wake hamsalimii. Muulize alivyoanguka mbele ya padre siku ya ubatizo wa mwanawe. Atakusimulia mpaka mwisho na kukuongezea chumvi. Lakini muulize kambakoche huyu umemtoa wapi, uone uso unavyojikunja. "Huko," atakwambia, na mkono utaelekea mlimani, ambako tangu dunia iumbwe hakujawahi kuvuliwa hata dagaa.

Kwa hiyo wale wataalamu watatu walipokuja na ramani yao kubwa ya bahari, wakataka kila nyumba ioneshe inakovua, sisi tulitazamana tu. Mwalimu mkuu alikuwa ametupa darasa la watoto wadogo. Tumekaa kwenye vile viti vyao, magoti yanagusa videvu, watu wazima na mvi zetu.

Wa kwanza alikuwa Dokta Tillett, mtu wa Belize City, bingwa wa matumbawe, aliyezoea mno kupiga mbizi, hivi kwamba hata nchi kavu alitembea kama anayesukuma maji. Wa pili, Profesa Whitcomb, Mkanada, mtaalamu wa uchumi, pua yote imebabuka kwa jua letu. Wa tatu alikuwa mwanamke, Dokta Marselina Arzu, Mgarifuna mwenzetu kabisa, mzaliwa wa Livingston, Guatemala, ng'ambo ya mpaka.

"Huyu naye amesomea nini?" aliuliza Bibi Clotilda Lambey, ambaye akinong'ona husikika hadi kanisani.

"Amesomea watu, mama," alijibu mkwewe Eufemia. "Anatusoma sisi."

"Haya. Na amefaulu?"

Dokta Arzu alicheka kuliko wote, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Kila nyumba ilipewa maharage mekundu ishirini. Unakwenda kwenye ramani, unayaweka pale unapopatia riziki yako. Panapokupa kingi, weka mengi. Panapokupa kidogo, weka machache. Dokta Tillett alieleza kwamba miamba inakufa, maji yana joto, pono na chewa wamepungua, na serikali inataka kufunga sehemu moja ya bahari ili samaki wapate kuzaana. Basi hawa watatu wameungana, wa samaki, wa pesa na wa watu, ili ipatikane sehemu ambayo ikifungwa haitamkaba mtu koo.

Akainuka Gervacio Lambey, mwana wa Bibi Clotilda, mume wa Eufemia, mtu mrefu mwenye mashua nzuri na maneno machache. Alichukua maharage yake, akashusha pumzi kama anayekwenda kuungama, akayamwaga yote ishirini Jangwani.

Jangwani ni ule mchanga mweupe upande wa kaskazini. Kaa mwenyewe akitaka kupita pale hubeba chakula cha njiani.

Akafuata Nicasio Avila, jirani yake na adui yake wa domino. Naye Jangwani. Akafuata mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Ogaldez. Jangwani. Kufikia saa sita mchana kilima cha maharage kilikuwa kimefunika hata jina la mahali. Profesa Whitcomb akawa anakipiga picha, mara amepiga magoti, mara amepanda kiti. "Ajabu!" anasema. "Utajiri wote huu mahali pamoja!" Eufemia aliuma kanga ya kichwani asicheke. Dokta Arzu hakupiga picha hata moja. Alikitazama kilima, akatutazama sisi, akajikuna nywele kwa kalamu.

Na kwenye Kabati la Mzee hakukuwa na punje.

Kabati ni nini? Ni siri, lakini nitakwambia, maana yaliyopita si siri tena. Siku Gervacio aliponyoa ndevu kwa mara ya kwanza, baba yake, marehemu Mzee Pantaleon, alimpakia kwenye mashua, akamwapisha kwa kaburi la nyanya yake, akampeleka nje ya kisiwa kidogo cha mnazi uliopinda. Kilele cha mlima kikikaa sawasawa juu ya msalaba wa kanisa, na mnazi ukiwa mkono wa kulia, upo juu ya Kabati. Ukichungulia chini, mwamba uko hai, wa rangi rangi, changu wanapishana kama watu wa sokoni, na chini ya mabati aliyozamisha mzee yawe maficho yao, kambakoche wamejipanga masharubu nje.

Mzee alipofariki, mambo ya ajabu yakaanza. Mabati yakawa yanaongezeka. Gervacio anazamisha manne msimu huu, msimu ujao anakuta tisa. Anaacha tisa, anakuta kumi na manne. Mtu mwingine angeuliza maswali. Gervacio hakuuliza, alielewa mara moja kwamba ni mzee, kwamba mzee hajamwacha mkono. Basi kila msimu wa kambakoche ukifunguliwa, Eufemia alipika hudut, ndizi zikatwangwa vizuri, samaki akaiva kwenye tui zito, na sahani moja ikawekwa nyuma ya nyumba pamoja na tone la ramu. Asubuhi sahani iko nyeupe, imelambwa. Gervacio alikuwa akiitazama ile sahani na machozi yanamlengalenga.

* * *

Ramani ya matokeo ilibandikwa ukutani kwenye duka la Petrona, mke wa Nicasio. Gervacio alikuwa amekuja kununua robo ya kahawa.

Bahari yote ilikuwa ya buluu, isipokuwa mahali pamoja palipopakwa wekundu. Alisogea karibu. Aliutafuta mnazi uliopinda, akauona. Wekundu ulikuwa kando ya mnazi, juu ya Kabati hasa. Chini pameandikwa: *Eneo litakalofungwa. Halitumiwi na nyumba yoyote.*

Kahawa ilimwagika yote.

"Wee, shemeji!" Petrona alipiga kelele. "Unanimwagia dukani! Na hujalipa!"

"Kifuko kimetoboka."

"Kifuko hakijatoboka, umekiachia wewe. Una homa?"

Kumbe Nicasio naye alikuwa amesimama pale pale ukutani, chupa ya soda mkononi, hainywi. Jasho jembamba linamtoka.

"Joto leo," alisema Nicasio.

"Joto," alisema Gervacio.

Wakasimama. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aondoke.

* * *

"Wamefunga!" Gervacio alisema kabla hajafika mlangoni.

Eufemia alikuwa anakuna nazi. "Wamefunga nini? Na kahawa iko wapi?"

"Achana na kahawa. Wamefunga Kabati!"

"Ah." Akaendelea kukuna. "Si uliwaambia wewe unavua Jangwani? Basi wamekuachia Jangwani yako. Watu wazuri wale."

"Eufemia, mimi sitanii."

"Na mimi nakuna nazi. Nenda kawaambie ukweli."

"Nikiwaambia, kijiji kizima kitajua! Nicasio atajua! Kesho alfajiri nitamkuta amekaa juu ya Kabati la baba yangu kama kuku anayeatamia."

"Na usipowaambia?"

Gervacio alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Nikwambie mimi?" alisema Eufemia. "Usipowaambia, ni hoteli."

Hilo neno halikupaswa kutajwa katika nyumba ile. Hoteli iko ufukweni upande wa juu. Mwaka uliopita kaka yake Eufemia, mvuvi hodari, aliuza mashua akaenda huko. Walimpa shati la maua makubwa, wakamfundisha kutabasamu. Anabeba mabegi. Ijumaa anapigishwa ngoma, wageni wakiwa wanakula, na ngoma yenyewe ni ile inayopigwa kwa ajili ya wazee waliokufa. Siku moja mtoto wa mgeni alimpa kandambili zake ashike, akashika mpaka jioni, hakuambiwa aziweke wapi. Gervacio aliyasikia haya, akaapa kwamba yeye na lile shati hawatakutana mpaka kiyama.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Eufemia.

"Mimi siumwi."

"Hujatazama rangi yako."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Bibi Clotilda: "Anaogopa nini huyo? Baba yake alikuwa haogopi kusema. Baba yake alikuwa anasema mno!"

Laiti Gervacio angesikiliza maneno yale. Lakini mtoto na mama yake, nani husikiliza?

* * *

Jioni, misa ilipokwisha, Gervacio alifunga changu mkubwa kwenye jani la mgomba, akapita njia ya nyuma mpaka nyumba aliyopanga Dokta Arzu. Alijua la kusema. Angesema kwa faragha, baina ya Mgarifuna na Mgarifuna, na wekundu ungesogezwa kidogo tu kushoto.

Kwenye baraza alimkuta Nicasio amekaa na sufuria mapajani.

"Unafanya nini hapa?" aliuliza Gervacio.

"Nimekuja kuomba chumvi."

"Na duka la mkeo?"

"Imekwisha. Na wewe na huyo samaki?"

"Namtembeza."

Wakasikia mtu anakohoa gizani pembeni ya tangi la maji. Ni mwenyekiti Ogaldez, kuku kwapani, amemziba mdomo.

Dokta Arzu akafungua mlango. Aliwatazama mmoja mmoja, na samaki, na sufuria, na kuku. "Mmekuja pamoja?"

"Hapana!" walijibu wote kwa mpigo.

"Kila mmoja ana neno la faragha?"

Kuku akajikwamua, akalia.

"Na kuku huyu naye analo? Sikilizeni, wajomba zangu. Maneno ya ramani yatasemwa mkutanoni, mbele ya watu wote. Mkinipa mimi pembeni, nitakuwa nimewaibia wenzenu. Lakini vyakula hivi msirudi navyo, ni tabu bure kuvibeba." Akavipokea, akawashukuru kwa adabu zote, akafunga mlango.

Wale wanaume watatu wakarudi nyumbani kwa njia tatu mbalimbali, ingawa wote wanaishi mtaa mmoja.

* * *

Siku ya mkutano darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti Ogaldez alifungua kwa sala ndefu kuliko kawaida, maana alikuwa hataki ifike mwisho. Dokta Tillett akauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya kufungwa kwa eneo lile jekundu.

Gervacio akasimama. Magoti yake yaligonga kiti, kiti kikaanguka.

"Mimi sivui pale," alianza. "Hilo lieleweke. Sijawahi. Lakini pale... pale ndipo alipofia baba yangu. Bahari ilimchukua. Ni kama kaburi. Mtu hafungiwi kaburi la baba yake."

Watu wakainamisha vichwa. Profesa Whitcomb akavua kofia. Ilikuwa inakwenda vizuri sana.

"Muongo!" Bibi Clotilda akasema kutoka kiti cha mbele. "Pantaleon alifia hospitali ya Dangriga, chooni! Nesi ndiye aliyemkuta. Tulimzika hapa hapa, na wewe ulibeba jeneza upande wa miguu, ukalalamika mgongo!"

Darasa likaangua kicheko. Gervacio akaokota kiti chake, akakikalia bila kumtazama mtu.

Akasimama Nicasio. "Mimi pia sivui pale. Ila nasema tu, kwa upendo, pana mkondo mbaya. Mkiweka walinzi watakufa maji. Mimi nawaonea huruma walinzi."

"Umejuaje mkondo, kama huendi?" aliuliza Dokta Arzu.

"Nimeuota."

Mwenyekiti naye akadai kwamba ameambiwa, hakumbuki na nani, kuwa kuna papa mkubwa pale, mkubwa kama basi. Hapo Dokta Tillett akaruka kwa furaha: papa? Basi ndiyo sababu zaidi ya kupalinda! Akaanza kuandika. Mwenyekiti akasema papa mwenyewe alikuwa anapita tu, safari ya Honduras. Tillett akaendelea kuandika. Ikawa kila anayesimama kupaokoa anazidi kupafunga, na Profesa Whitcomb akitikisa kichwa kwa upole anasema: "Lakini, ndugu zangu, hapana harage hata moja pale. Kwa hesabu zangu hakuna anayepoteza chochote. Na mkitaka, serikali iko tayari kuwanunulia nyavu mpya za Jangwani."

Eufemia alikuwa amekaa nyuma, mkoba mapajani. Alimtazama mumewe, mabega yamemwanguka, na akaliona lile shati la maua limekwisha mkaa mwilini. Moyo ukamchoma. Alimpenda yule mtu, mwongo wake huyo. Akainuka.

"Nisamehe, baba watoto," alisema, akapita katikati ya viti mpaka mbele. Maharage yalikuwa bado yamegandishwa kwenye ramani kwa gundi ya Profesa. Akabandua ishirini kutoka Jangwani, kwa kucha, bila haraka, na kuyaweka mekundu juu ya wekundu.

"Mume wangu havui Jangwani. Jangwani hakuna kitu, hata jongoo bahari amehama. Mume wangu anavua hapa, baba yake alimwonesha, na ada za shule za wanangu zilitoka hapa. Ni siri ya nyumba yetu, nami nimeitoa, anipige akitaka."

"Nani atakupiga wewe?" alisema Bibi Clotilda.

Gervacio alifumba macho. Akasubiri minong'ono, akasubiri Nicasio acheke. Badala yake akasikia visigino. Petrona wa duka alikuwa amefika mbele, naye anabandua.

"Ya Nicasio haya," alisema Petrona kwa hasira. "Miaka yote ananiambia anakwenda Jangwani, namfungia chakula cha Jangwani, kumbe! Nilimwona kwa macho yangu kutoka mashua ya shangazi. Pale pale."

"Petrona!" Nicasio alilia.

"Petrona nini? Kaa chini!"

Ikawa kama ugomvi wa kisimani. Mke wa mwenyekiti akaenda. Wajane wakaenda kwa niaba ya marehemu. Kilima cha Jangwani kikaisha, na juu ya Kabati kikasimama kilima kipya. Profesa Whitcomb alikitazama, akayatazama makaratasi yake ya hesabu, akayakunja taratibu akayatia mfukoni.

Gervacio alikuwa amesimama. "Nicasio. Nani alikuonesha pale?"

Nicasio alitazama dari. "Baba yako."

"Baba yangu!"

"Nilimnunulia chupa ya ramu, siku ya Mtakatifu Isidro. Akanipeleka. Akaniapisha nisimwambie mtu, na hasa wewe."

"Mimi pia," alisema mwenyekiti kwa sauti ndogo. "Chupa mbili. Alisema mimi ni mtu mzito."

"Mimi nusu chupa," akasema mwingine dirishani.

"Mimi sikumpa hata tone la ramu," alisema Bibi Clotilda, "lakini aliniambia siku ya kwanza tu. Ndivyo alivyonioa."

Kicheko kilichotokea siku ile, Dangriga walikisikia. Watu walishikana mabega, walifuta machozi. Gervacio peke yake hakucheka.

"Na mabati?" aliuliza. "Yale mabati yaliyokuwa yanaongezeka?"

"Mangapi?" aliuliza Nicasio. "Mimi nazamisha matatu kila mwaka. Halafu nayakuta mengi, nasema, Mungu mkubwa."

"Mimi mawili," alisema mwenyekiti.

Gervacio akakaa. Ulikuwa uchungu ambao hakuutarajia, na haukuwa wa samaki.

Dokta Tillett akaomba kusema. Alisema jambo moja lilikuwa limemkosesha raha. Mwamba ule ndio mzima kuliko miamba yote aliyoipima pwani hii, na alipoona hauna harage alifurahi: uko mzima kwa sababu hauendewi. Sasa anaambiwa unaendewa na kijiji kizima. Haiwezekani!

"Inawezekana," alisema Dokta Arzu. Aliegemea ubao. "Mimi nilijua siku ile ile kwamba mmedanganya, nimelelewa na wajomba wavuvi. Ila sikujua mnaficha wapi. Tillett ndiye aliyejua pazuri ni wapi, Whitcomb akajua pasipo na harage. Tulipoweka ramani zetu tatu pamoja, nikasema, tupake rangi nyekundu hapo hapo, tuone nani atakayelia. Sasa niambieni. Gervacio, ulikuwa unakwenda mara ngapi?"

"Mara chache. Ukienda mara nyingi watu wanakuona."

"Na ulikuwa unachukua kiasi gani?"

"Kidogo. Ukirudi na kingi, Nicasio anauliza."

"Mimi vivyo hivyo," alisema Nicasio. "Huyu ana macho!"

"Haya," alisema Dokta Arzu. "Woga wenu ndio ulioutunza mwamba. Leo siri imetoka."

Profesa Whitcomb, ambaye alikuwa mtu mwema, akasimama akasema kwamba kwa ushahidi huu mpya yeye hawezi kupendekeza pafungwe. Nyumba nyingi zinategemea pale. Futeni wekundu! Watu wakapiga makofi, wakapiga vigelegele.

Gervacio naye aliinua mikono apige makofi. Kabla haijakutana, akamwona Nicasio anamwinamia Petrona: "Lile tangi la mafuta lina kitu?" Akamwona mwenyekiti anatazama saa. Akawaona wale wa dirishani, waliokuwa watano, sasa ni wawili, na mmoja wao amekwisha vua viatu. Akaliona Kabati la baba yake kesho alfajiri, mashua zimebanana juu yake, nanga zinaangukia matumbawe, na kesho kutwa pana mchanga mweupe tu, Jangwani ya pili.

"Fungeni!" alipiga kelele.

Makofi yakakatika.

"Nini?" aliuliza Tillett.

"Fungeni! Wekeni walinzi! Wekeni mnyororo! Leo leo, kabla huyu hajapata mafuta!"

Nicasio akaruka. "Naunga mkono! Nikimwachia huyu, atapasafisha kwa ufagio! Fungeni!"

"Fungeni!" akaitikia mwenyekiti, akiwaelekeza kidole wote wawili.

Zikapigwa kura. Hakuna aliyekuwa tayari mwenzake apate, kwa hiyo mikono yote ilipanda. Dokta Tillett alitoa kitambaa akapenga kamasi. Alisema amefanya kazi hii tangu ujana wake na hajawahi kuona kijiji kinachopenda matumbawe namna hii.

* * *

Mwafaka uliofikiwa ni huu: katikati pamefungwa kwa miaka mitatu, kingo zinavuliwa kwa zamu, na zamu ya mtu inajulikana na kila mtu. Yale mabati yalipotolewa katikati, hakuna aliyeweza kusema lipi ni la nani, yakatumika kuezekea darasa.

Zamu hazitoshi kulisha nyumba. Kwa hiyo ndiyo, lile shati lilikuja. Siku mbili kwa wiki Gervacio anabeba mabegi hotelini, na Nicasio naye siku zile zile, maua yale yale kifuani, wanatembea wameachana mbali ili wasifanane. Kandambili za wageni hawazishiki. Hilo walilisema siku ya kwanza, wote wawili kwa pamoja, na ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu utoto.

Msimu ulipofunguliwa, Eufemia alipika hudut. Akapakua, akatenga sahani ya nyuma ya nyumba.

"Ya nini hiyo?" aliuliza Gervacio. Bado alikuwa na lile shati mwilini. "Mabati yalikuwa ya Nicasio. Nimemwekea mzee chakula miaka yote hii, kumbe mzee hana habari na mimi. Nilidhani ananitazama, Eufemia. Aliwauzia wote. Mimi alinifanya mjinga."

Bibi Clotilda aliweka kijiko chini. "Baba yako hakuweza kula huku mtu anamtazama. Ilikuwa lazima ammegee. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na ramu ilikuwa kisingizio tu." Akamtazama mwanawe. "Lakini hebu niambie. Wewe ulimpa chupa ngapi?"

Gervacio alifikiri. "Sikumpa kitu."

"Na siku ile alipokupeleka, alikuwa amekunywa?"

"Hapana. Alikuwa mkavu kabisa. Hata mikono ilikuwa inamtetemeka kwa kukosa tone."

"Basi," alisema Bibi Clotilda, akarudi kwenye chakula chake.

Gervacio akajifuta uso kwa mkono wa shati la maua, akainuka, akachukua ile sahani na ile ramu, akatoka mlango wa mbele.

Nicasio alikuwa barazani kwake. Aliipokea sahani bila neno, akaonja. "Chumvi haijakolea."

"Mzee hakuwahi kulalamika."

Kabla Nicasio hajajibu, akatoka mbwa wake nyuma ya duka, yule mnene wa madoa, mkia unapiga huku na huku. Hakwenda kwa bwana wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Gervacio, akaketi mbele yake, akaitazama sahani kama mtu anayejua zamu yake.

Gervacio alimtazama mbwa. Akamtazama Nicasio.

"Usinitazame mimi," alisema Nicasio. "Mimi nilidhani mkeo anampenda mbwa."

Gervacio akamega tonge zuri kwenye ile sahani, lenye samaki, akachuchumaa, akalishika mbele ya pua ya yule mnyama.

"Na wewe," alimuuliza, "wewe nawe mzee alikuapisha?"